Wasomaji Wanauliza: Mtoto mchanga ndani ya ndege

Barua za safari hii zinahusu jambo moja, kupanda ndege na mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mtoto wetu atakuwa na mwaka mmoja na miezi 11 siku ya kuondoka, na tutarudi baada ya wiki sita. Je, tunaweza kumpakata kwenda na kurudi? Na kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani tunakipataje? – Baba wa Mara ya Kwanza

JIBU: Kwenda, ndiyo. Kurudi, hapana. Mtoto hupakatwa mpaka anapotimiza miaka 2, na umri huangaliwa siku ya kila safari, si siku mliyonunua tiketi. Wenu atatimiza miaka 2 mkiwa hukohuko, kwa hiyo wakati wa kurudi lazima awe na kiti chake. Nunueni vyote kwa pamoja sasa, maana kiti cha kuongezwa dakika za mwisho hutozwa nauli ya siku hiyo, tena kama bado kipo.

Anayepakatwa naye huandikiwa tiketi. Kwa safari za kimataifa mashirika mengi hutoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, pamoja na kodi. Atahitaji pasipoti yake mwenyewe, na jina lililo kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake abebe barua ya idhini ya mwenzake huyo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Zipo nchi ambazo maofisa wa uhamiaji huviulizia.

Kitanda kwa umri wa mwanao kisahau. Vingi hubeba hadi kilo 10 au 11 hivi na ni vifupi. Wenye watoto wadogo zaidi wapige simu kwa shirika mara tu baada ya kununua tiketi, maana vitanda ni vichache, kisha waulize kikomo cha uzito na cha urefu. Viti vinavyotazamana na ukuta huo wa vitanda vina nafasi nzuri ya miguu lakini vina kero zake. Mikono ya viti hainyanyuki kwa sababu meza imekunjwa ndani yake. Mbele hakuna kiti cha kusukumia mkoba chini, hivyo mkoba wa mtoto hupandishwa juu wakati wa kupaa na kutua, ndiyo saa unapoutaka. Chupa na nyonyo vitoe mapema uviweke mfukoni. Tena taa ya mkanda ikiwaka, mtoto hutolewa kitandani hata kama ndiyo kwanza amesinzia.

SWALI: Naambiwa nimnyonyeshe mtoto ndege inapopaa ili masikio yasimuume. Akiwa amelala nimwamshe? Ana miezi mitatu, na wiki hii ana mafua. – Mama wa Miezi Mitatu

JIBU: Ushauri huo wa kupaa umetiliwa mkazo kuliko unavyostahili. Akilala, mwache. Ndege inapopanda, hewa iliyo ndani ya sikio la kati hutanuka na kujitolea yenyewe kupitia mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua na koo. Kazi ipo wakati wa kushuka. Shinikizo la hewa kwenye kabini huongezeka, kiwambo cha sikio kinasukumwa ndani, na mrija ule haufunguki mpaka mtoto ameze kitu, apige miayo au alie. Mrija wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana huziba kwa urahisi.

Wengi hukosea saa. Kushuka huanza kama dakika 30 kabla ya kutua, na mara nyingi wahudumu huwa bado hawajapita kukagua mikanda. Utasikia mngurumo wa injini umepungua na ndege imeinamisha pua kidogo. Mama aliyemshibisha mtoto saa moja kabla hubaki anamlazimisha chuchu, naye anageuza uso. Kwa hiyo chakula cha kabla ya hapo kipunguze, mwamshe taratibu, umnyonyeshe kwa vipande: dakika chache, pumziko, kisha tena mpaka magurudumu yaguse ardhi. Nyonyo nayo inafaa. Akigoma vyote na kulia, usifadhaike. Kilio chenyewe hufungua mrija.

Mafua ndiyo ya kuangaliwa, maana pua ikivimba mrija huziba. Mpeleke daktari amtazame masikio kabla ya safari, hasa kama ana homa au analia anapolazwa chali. Akiruhusiwa, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kuanza kushuka husaidia kuzibua.

SWALI: Kwenye ukaguzi wanakataa vimiminika vinavyozidi mililita 100. Maziwa ya mtoto je? – Mama Chupa

JIBU: Kwa kawaida maziwa ya mama, maziwa ya kopo, maji ya kuchanganyia na chakula cha mtoto huruhusiwa kuzidi mililita 100, kwa kiasi kinachotosha safari. Vitoe mkobani na umwambie mkaguzi kabla hajauliza. Huenda vikapimwa. Mtoto naye hutolewa kwenye kigari, na mara nyingi kwenye mbeleko pia, kwa hiyo pakia mkoba kwa namna utakayoweza kuufungua kwa mkono mmoja.

Maziwa ya unga yapimie nyumbani: kila kikopo kidogo kiwe na vijiko vya mlo mmoja. Usichanganye yote asubuhi. Yaliyochanganywa hayafai kukaa zaidi ya saa 2 bila ubaridi, na mtoto akishaanza kunyonya chupa, kilichobaki kimwagwe saa moja ikipita. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi saa 24 ndani ya mfuko wa kuhifadhi ubaridi wenye vipande vya barafu. Weka akiba ya milo miwili mitatu zaidi ya saa za safari, kwa ajili ya ucheleweshaji.

Kuna jambo ambalo huwashtua wengi. Chupa iliyofungwa chini hufoka ikifunguliwa juu, kwa kuwa hewa iliyomo ina shinikizo kubwa kuliko ya kabini. Isimamishe wima, legeza kifuniko uache hewa itoke, kaza tena, ndipo umpe. Hewa ya tumboni mwa mtoto nayo hutanuka vivyo hivyo. Mcheulishe mara nyingi kuliko nyumbani.

SWALI: Tuna pacha wa miezi saba na sisi ni watu wazima wawili. Mbona shirika halitaki tukae safu moja? – Wazazi wa Pacha

JIBU: Ni hesabu ya barakoa za oksijeni. Kila kundi la viti kwa kawaida lina barakoa moja ya ziada: viti vitatu, barakoa nne. Ninyi wanne na jirani yenu mngekuwa watano. Ombeni viti vya kuvuka njia ya katikati, mmoja huku na mwenzake kule. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu, na barakoa zikidondoka, vaa yako kwanza, maana juu sana huchukui hata dakika moja kupoteza fahamu.

Kamwe usimfunge mtoto ndani ya mkanda wako, kwani ndege ikisimama ghafla mwili wako utambana. Baadhi ya mashirika hutoa mkanda mdogo unaopachikwa kwenye wako. Marekani hauruhusiwi. Salama kuliko yote ni kununua kiti na kukifungia kiti cha gari chenye lebo ya kuruhusiwa ndani ya ndege, mahali pa dirishani ili kisizuie wengine kutoka.

SWALI: Shangazi anasema nimpe dawa ya mafua yenye usingizi ili alale njia nzima. – Mpwa Mtiifu

JIBU: Shangazi tunamheshimu, lakini hapana. Dawa hizo zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto wa chini ya miaka 2, na wengine huwageuza wakawa macho na wakorofi kwa saa kadhaa.

SWALI: Nepi ngapi? – Mwenye Haraka

JIBU: Moja kwa kila saa 2 za safari, kuanzia mlangoni kwenu, na nne za akiba. Usiende chooni na mkoba wote. Kibao cha kubadilishia hushushwa ukutani juu ya choo, wala si kila choo kinacho, hivyo muulize mhudumu. Ingia na kimfuko chenye nepi mbili, tishu za majimaji, kitambaa cha kutandika na mfuko wa plastiki wa kufungia chafu. Chafu haitumbukizwi chooni. Nguo za akiba beba za mtoto, na blauzi moja yako.