Hakuna dawa ya kuvunja chumvi shambani

SWALI: Nina ekari tatu za ngano bondeni, upande wa Ziwa Balangida, Hanang. Mvua ikikatika namwagilia maji ya kisima. Udongo ukikauka unatoa unga mweupe, na ngano inaungua kuanzia ncha za majani ya chini. Muuza pembejeo aliniuzia chupa ya "kuvunja chumvi", ninyunyizie majani. Nimepiga mara mbili, sioni mabadiliko. Niongeze dozi au nibadilishe mbegu?

JIBU: Usiongeze hata tone. Maswali ya namna hii yananifikia kila msimu, na chupa hubadilika jina tu. Sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayounguza ngano yako, haivunjiki. Haiozi kama samadi, haifi kama funza. Ama maji yaishushe chini ya mizizi na kuitoa shambani, ama ibaki hapo hapo. Ukisoma lebo za chupa hizo, mara nyingi unakuta ni mbolea ya maji tu, na mbolea nayo ni chumvi.

Kinachonikera zaidi ni ile kauli ya wauzaji kwamba dawa "inaizoesha" ngano chumvi. Ngano imeanza kupambana siku nyingi, na vita yenyewe iko mizizini. Mizizi huzuia zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu iliyomo kwenye maji inayoyavuta. Ile inayopenya, seli zinazozunguka mirija ya maji huinyaka kabla haijapanda juu. Inayoponyoka hufika kwenye majani na kufungiwa katika vifuko vya ndani ya seli. Jani la chini ndilo limepitisha maji kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa hiyo vifuko vyake hujaa kwanza na ncha inaungua. Huo si ugonjwa wala upungufu wa mbolea, na kinyunyizio cha majani hakigusi chochote kati ya hayo.

Mbegu inasaidia, kwa kiasi. Ngano ya mkate huzuia sodiamu vizuri kuliko ile ngumu ya tambi, na Wahindi wamezalisha aina zao za kustahimili chumvi kutokana na Kharchia, ngano ya kienyeji ya Rajasthan. Lakini kwa wastani ngano huvumilia chumvi ya udongo hadi EC 6 (EC ni kipimo cha chumvi, husomwa kwa dS/m), na kila kipimo kimoja kinachozidi hapo hukata takriban asilimia 7 ya mavuno. Mche mchanga huumia mapema zaidi.

Wewe hujapima chochote. Anza na chupa tupu: tia udongo mkavu, ongeza maji ya mvua, tikisa, uache hadi kesho yake. Maji yakibaki na tope, shuku magadi, yaani sodiamu iliyoushika udongo wenyewe. Hapo jasi, kama ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same, husaidia, kwa sababu kalsiamu yake huing'oa sodiamu kwenye udongo, kisha lazima maji mazuri yaioshe. Maji yakitakata, huenda ni chumvi ya kawaida: jasi haina kazi, kunahitajika maji mazuri na mtaro wa kuyatoa. Hiyo ni dalili tu. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara ya udongo, kama ya kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Pima na kisima, maana nakishuku kuliko udongo wenyewe. Maji ya EC 1, ambayo ukiyaonja huenda usihisi chochote, ukimwagilia milimita 100 yanaacha zaidi ya kilo 250 za chumvi kwenye ekari moja. Ni zaidi ya mifuko mitano ya kilo 50, umeimwaga mwenyewe. Mimea hunywa maji, chumvi inabaki.

Na hili si la Hanang peke yake. Watu wanachimbiwa visima na kuuziwa pampu na mipira ya matone bila mtu kuuliza maji yatatoka shambani kwa njia gani. Miaka michache baadaye unga mweupe unaonekana, na muuza chupa anafika kabla ya bwana shamba. Akija kwako, muulize sodiamu itatoka shambani kwa njia gani. Akianza kukuonyesha picha za mashamba ya watu kwenye simu, rudisha pesa mfukoni.