Maswali yenu: nani anatoa ruhusa ya kukata msitu wa kaskazini?

Msomaji wa Mbeya: Serikali ya Canada ikishatoa kibali cha kuvuna magogo, wenyeji wanalalamikia nini tena?

Hicho kibali chenyewe, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya British Columbia, jimbo la magharibi mwa Canada, haikuwahi kukabidhiwa kwa mkataba wowote, lakini serikali ya jimbo, si ya Canada nzima, iliigawa kama mali yake. Mwaka 1983 ilitoa leseni ya magogo ndani ya eneo la Watsilhqot'in, wenyeji wa huko, nao wakaenda mahakamani. Kesi ilisikilizwa siku 339. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Canada ikawatambua kuwa wenye ardhi ya zaidi ya kilometa za mraba 1,700. Kukata miti humo sasa kunahitaji ridhaa yao; ikikosekana, serikali ithibitishe sababu nzito ya umma.

Kwingine, ambako haki inadaiwa ila haijathibitishwa, hukumu ya 2004 katika kesi ya Wahaida, wenyeji wa visiwa vya pwani ya jimbo hilohilo, inaitaka serikali ishauriane na wenyeji kwanza. Kushauriana, si lazima kukubaliana. Kwangu mimi ugomvi mwingi unazaliwa hapo: kikao kinafanyika, msumeno unaendelea.

Msomaji wa Mafinga: Sisi tunavuna mipaina yote kwa mkupuo na kupanda upya. Wafini wakifanya hivyo, kosa liko wapi?

Mipaina yenu ilipandwa ili ivunwe. Kule Inari, kaskazini mwa Finland, Wasami, wenyeji wa huko, wanafuga kulungu aktiki. Wakati wa baridi theluji ikiganda kuwa barafu, mnyama hawezi kuparua ardhi apate malisho. Kinachomwokoa ni likeni, zile nyuzi kama ndevu zinazoning'inia kwenye miti mikongwe. Mche wa leo utachukua miongo mingi kuwa na likeni ya kushibisha kundi, na kundi halisubiri.

Utaniuliza: kwa hiyo wenyeji hawataki mti wowote ukatwe?

Sivyo. Wahaida wana kampuni yao ya magogo, Taan Forest. Ila mierezi mikubwa inayofaa mitumbwi na nguzo za kuchonga ina ulinzi wake.

Msomaji wa Toronto: Alama ya FSC kwenye karatasi niiamini?

Kiasi. FSC ni shirika la kimataifa linaloweka vigezo vya cheti cha misitu. Kanuni yake ya tatu inadai ridhaa ya wenyeji, ya hiari na ya mapema. Lakini soma maandishi madogo: “FSC Mix” ni mchanganyiko, na sehemu yake yaweza kutoka misitu isiyo na cheti, iliyokaguliwa kwa vigezo vichache. Ukiipata ya asilimia 100, chukua hiyo.