Uliza Fundi: Pikapu Mpya, Mvumo Mpya

Mwezi huu barua zote ni za gitaa la stili, lile linalolazwa mapajani au kusimama kwa miguu yake na kupigwa kwa kipande cha chuma mkono wa kushoto. Na zote zina kilio kimoja: pikapu, kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachopokea mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme, imebadilishwa, mvumo umeingia.

Shikamoo fundi. Nina stili ya nyuzi sita ya kulaza mapajani. Nilitoa pikapu ya zamani ya koili moja nikaweka hambaka (ya koili mbili) ya kiwanda cha Seymour Duncan yenye nyaya nne za rangi na mmoja mtupu. Mchoro nilichukua kwenye boksi la pikapu ya DiMarzio ya rafiki yangu: mwekundu kwenye poti (kirekebishi) ya sauti, mweusi na mweupe nikailehemu pamoja, wa kijani na ule mtupu kwenye ethi. Sauti inatoka lakini imefifia. Nikiongeza amplifaya ili nisikike, mvumo unapanda nayo. Nikishika nyuzi unapungua kidogo. Nimeuziwa pikapu mbovu? (Msomaji, Nakuru)

Marahaba. Pikapu yako huenda ni nzima kabisa. Mchoro ndio si wake. Rangi za nyaya hazina kanuni moja, kila kiwanda kina zake.

Hambaka ina koili mbili. Sumaku zake zimepangwa kinyume na mkondo wa koili zake pia umepangwa kinyume, hivyo sauti ya nyuzi hujumlishwa na mvumo wa umeme hufutana. Kufutana huko kunahitaji koili zote mbili ziwe kazini na ziwe na mwelekeo sahihi. Kwenye Seymour Duncan, koili moja inaanzia mweusi na kuishia mweupe. Ya pili inaanzia kijani na kuishia mwekundu. Wewe umelehemu mweusi na mweupe pamoja, yaani ncha mbili za koili ileile umezifunga zenyewe kwa zenyewe. Koili hiyo imelala. Iliyobaki, kijani na mwekundu, inafanya kazi peke yake: nusu ya nguvu, na mvumo wote wa koili moja.

Thibitisha kwa mita kabla hujagusa pasi ya kulehemu. Chomeka waya wa gitaa kwenye gitaa, ncha ya pili iache huru bila amplifaya. Fungua sauti mpaka mwisho, weka mita kwenye omu, kipimo cha 20,000. Pima kati ya ncha ya plagi na shina lake. Hambaka ya kawaida yenye omu 8,000, ikiwa na poti ya 250,000, itasoma kama 7,750. Ikiwa na poti ya 500,000 itasoma kama 7,870. Yako itasoma karibu na 4,000. Nusu ya namba iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ushahidi wako.

Dawa: mweusi uende kwenye poti, mguu wa pembeni. Mweupe na mwekundu ilehemu pamoja, ifunike kwa mpira au utepe, isiguse kitu kingine chochote. Wa kijani na mtupu viende kwenye ethi. Huo mtupu usiuache ukining'inia, maana ndio kinga ya waya mzima.

Kwa faida ya wengine, kosa la upande wa pili lina dalili tofauti, na wengi hawaijui. Anayeweka DiMarzio kwa mchoro wa Seymour Duncan hapotezi koili, anaigeuza moja. Mita itasoma namba kamili, halafu fundi anaridhika na kufunga kifuniko. Lakini sauti itakuwa nyembamba, ya puani, haina besi, na mvumo utakuwa mkubwa kuliko hata wa koili moja, kwa sababu sasa sauti ndiyo inayofutana na mvumo ndio unaojumlishwa. Kwenye DiMarzio mwekundu ndio wa moto, yaani unaobeba sauti kwenda kwenye poti, mweusi na mweupe huunganishwa, kijani na mtupu ni ethi. Kwa ufupi: namba nusu, koili imelala, namba kamili na sauti nyembamba, koili imegeuzwa. Pikapu isiyo na jina, ya sokoni, usikisie rangi. Tafuta kwa mita jozi mbili zinazosomana, halafu jaribu njia mbili za kuziunganisha. Ile yenye besi na mvumo mdogo ndiyo sahihi.

Sasa hilo la kushika nyuzi. Mvumo kupungua unapogusa nyuzi ni jambo la kawaida, wala si kasoro. Mwili wako unakusanya umeme wa nyaya za ukutani na kuurushia pikapu. Ukigusa nyuzi zilizounganishwa na ethi, unaumwaga huko. Mpigaji wa stili anagusa nyuzi karibu muda wote, kwa chuma cha mkono wa kushoto na vidole vinavyotulizwa nyuma yake, ndiyo maana mvumo hujitokeza hasa anapoinua mikono kati ya mistari ya wimbo. Kinachotisha ni kinyume chake: ukigusa nyuzi mvumo ukapanda, basi nyaya za jeki, lile tundu la kuchomekea plagi, zimebadilishana. Nyuzi zako zimeunganishwa na ncha ya moto ya plagi, na wewe umegeuka antena. Pima kati ya daraja (chuma kinachobeba nyuzi) na shina la plagi: isizidi omu 1. Pima daraja na ncha ya plagi, sauti ikiwa wazi: isome kama pikapu. Ukikuta sifuri hapo, geuza nyaya za jeki. Na kama daraja halisomi chochote na shina la plagi, ule waya mwembamba unaopita chini ya daraja umekatika au umesahaulika wakati wa kubadilisha pikapu. Hutokea mno.

Jambo la mwisho ni ulehemu wa mgongo wa poti. Ni bati pana, linameza joto. Pasi ya wati 25 itayeyusha lehemu juu juu nayo itakaa kama tone lililopoa bila kushika. Tumia wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa, kwangua bati kwa msasa, paka lehemu kwanza kwenye bati, kisha ndipo ulete waya. Sekunde 3 hadi 5. Kiungo kizuri kinang'aa na kujitandaza. Kibaya ni cha kijivu, chenye chembechembe. Lehemu iwe ya elektroniki yenye utomvu ndani. Ile dawa ya asidi ya mafundi wa rejeta itakula nyaya zako baada ya miezi.

Fundi, napigia kanisani stili ya pedali ya nyuzi kumi. Nimebadilisha pikapu ya koili moja kwa nyingine mpya ya koili moja yenye omu 18,000. Ya zamani ilikuwa 15,000. Mvumo umeongezeka. Nikigeuza gitaa upande unapungua sana, nikirudi mahali pangu unarudi. Nimefungua mara kadhaa, nyaya ziko sawa. (Msomaji, Columbus, Ohio)

Basi acha kufungua. Mvumo unaobadilika gitaa linapogeuzwa unatoka nje ya gitaa, kwa njia ya sumaku. Kila transfoma yenye mkondo inatandaza uga wa sumaku kuizunguka, na koili moja inaupokea kama inavyopokea nyuzi. Haina namna ya kutofautisha. Uga huo una mwelekeo, koili nayo ina mwelekeo, na pale vinapokatana kwa pembe mraba mvumo unakaribia kutoweka. Pikapu yenye omu nyingi kwa kawaida ina mizunguko mingi ya waya, kwa hiyo inatoa sauti zaidi na mvumo zaidi kwa pamoja. Ulinunua vyote viwili.

Kwanza hakikisha ni gitaa linalovuma. Stili nyingi za pedali hazina kirekebishi cha sauti juu yake; kazi hiyo iko kwenye pedali ya mguuni. Ishushe mpaka chini. Mvumo ukiisha, unatoka kwenye gitaa au waya wake wa kwanza. Ukibaki vilevile, uko kwenye amplifaya au kwenye waya unaotoka pedali kwenda amplifaya. Huko Marekani umeme ni wa hezi 60, mvumo wake uko katikati ya noti ya B bemoli na B. Wenzako wa Afrika Mashariki wenye hezi 50 wanausikia karibu na G. Ukisikia oktavu moja juu zaidi, yaani hezi 120 kwako, na haubadiliki hata pedali ikiwa chini, shuku kapasita za kuchujia umeme ndani ya amplifaya. Hizo mpelekee fundi wa amplifaya. Za amplifaya ya taa (valvu za kioo) hubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

Ukishajua ni gitaa, tafuta jirani mbaya. Mara nyingi ni amplifaya yenyewe, imewekwa nyuma ya kiti ili mpigaji ajisikie. Isogeze pembeni mita 2, sikiliza, izungushe robo, sikiliza tena. Angalia chini ya kiti: adapta za vifaa vya kidijitali na za pedali za mwangwi hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye pikapu. Kanisani kuna pia mikseri na vipunguza mwanga. Hivi vya mwisho havivumi, vinakwaruza, na tiba yake ni kuwasha taa mpaka mwisho au kuzizima.

Kama nafasi yako haiwezi kubadilika, kubali kuwa koili moja haitanyamaza. Hakuna utepe, rangi wala waya utakaobadilisha hilo. Nunua hambaka iliyotengenezwa kwa stili ya nyuzi kumi, na usikilize wanaosema hambaka si sauti ya stili: kiwanda cha Gibson kiliiweka hambaka ya mhandisi wake Seth Lover kwenye stili zake mwaka 1956, kabla ya kuipandisha kwenye magitaa ya kawaida mwaka 1957.

Nimebandika utepe wa shaba ndani ya gitaa lote, mvumo uko palepale. Mwenzangu wa bendi anasema nikate pini ya ethi ya plagi ya amplifaya, mvumo utaisha. (Msomaji, Tanga)

Usikate. Mpigaji wa stili ana chuma mkononi, chuma kwenye vidole, na nyuzi ambazo kupitia waya wa gitaa zimeungana na chasisi ya amplifaya. Siku transfoma au waya wa ndani ukivuja, pini hiyo ndiyo inayofanya fyuzi ikatike. Bila pini, njia ya umeme ni wewe kwenda kwenye maikrofoni. Kama mvumo unatokea pale tu amplifaya mbili au amplifaya na mikseri zinapounganishwa, huo ni mzunguko wa ethi: chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au tumia kisanduku cha DI (cha kupeleka sauti ya gitaa kwenye mikseri) chenye transfoma na swichi ya kukata ethi ya waya wa ishara, si ya umeme.

Kuhusu shaba, kasoro za kawaida ni mbili. Ya kwanza, utepe haujaunganishwa na ethi, hivyo ni pambo tu. Ya pili, gundi yake haipitishi umeme, kwa hiyo kila kipande kinasimama peke yake. Weka kidole kimoja cha mita kona moja ya shimo na cha pili kona ya mbali: isome chini ya omu 1. Isiposoma, tia tone la lehemu kila mahali vipande vinapopishana, kisha waya mmoja kutoka shaba hadi mgongo wa poti. Angalia pia ncha ya moto ya jeki isiguse shaba unapochomeka plagi, la sivyo gitaa litanyamaza kabisa. Na shaba huzuia uga wa umeme, haizuii wa sumaku. Ukishamaliza haya na mvumo bado unabadilika gitaa likigeuzwa, soma jibu la msomaji wa Ohio.

Stili yangu ina pikapu mbili za nyaya mbilimbili. Zikiwashwa pamoja zilikuwa zinapingana, sauti nyembamba, nikageuza nyaya za moja. Sauti imenona, ila nikigusa kofia ya bati ya pikapu hiyo, inavuma vibaya. (Msomaji, Mwanza)

Kofia hiyo imelehemiwa kwenye waya uliokuwa wa ethi. Ulipogeuza, ukaifanya kofia kuwa ya moto. Kugeuza nyaya ni sawa, ila itenge kofia: chini ya pikapu utaona kipande kifupi cha waya kinachounganisha kofia na mguu mmoja wa koili. Kikate, kisha lehemu kofia waya wake wa tatu uende moja kwa moja kwenye ethi. Hapo tumia pasi ndogo ya wati 25 na usizidi sekunde 2 kwenye mguu wa koili, kwani waya wa koili una unene wa kama milimita 0.06 na huachia kwa joto. Kama waya wa pikapu ni wa aina ya ganda la matundu la bati linalozunguka waya mmoja wa ndani, usigeuze kwanza: mpaka uubadilishe kwa waya wa ndani mbili wenye ganda lake, vinginevyo ganda lote litavuma kama kofia. Ukimaliza pima kofia na shina la plagi, chini ya omu 1, kabla ya kurudisha skrubu.