Ngozi na turubai kwa cherehani ya nyumbani: kazi inaanzia mezani

Hapa Lamu naulizwa kila mara kama cherehani ya nyumbani inaweza kushona ngozi. Inaweza. Inashona pia turubai, jinzi na matanga makuukuu ya majahazi, na riziki yangu imo humo: mikoba, vibeti na mifuko ya safari, baadhi kwa cherehani ya mkono ya chuma, baadhi kwa ile ndogo ya umeme. Jambo moja tu nataka ulishike: unene upunguzwe kabla kazi haijafika chini ya sindano. Ukitaka kuushinda unene kwa kukanyaga pedali, utavunja sindano leo, na kesho mashine itaanza kuruka mishono.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika mezani, cherehani ikiwa imefunikwa. Ukingo wa ngozi utakaopandana na mwingine nauchonga kwanza upande wa ndani kwa kisu cha fundi viatu kilichonolewa vizuri. Kisu unakilaza karibu kigusane na ngozi, unasukuma polepole, unaondoa nyama kidogo kidogo mpaka ukingo ubaki nusu ya unene wake. Fanyia mazoezi kwenye vipande vya kutupa mpaka mkono uzoee. Kuchonga huku ndiko kunakotofautisha mkoba uliokaa vizuri na ule wenye vinundu kila pembe.

Kisha jiulize kama kuna haja ya kukunja. Ngozi haichanuki nyuzi kama kitambaa. Kingo mbili zikilazwa moja juu ya nyingine na kushonwa zinatosha, nawe umejiokoa tabaka mbili nzima. Turubai ndilo linalohitaji kukunjwa, na hapo punguza kingo za ndani kwa hatua: tabaka moja likatwe fupi kuliko jenziwe, zisimalizikie mahali pamoja. Baada ya kukunja, chukua nyundo, weka kitambaa chakavu juu ya pindo, uligonge juu ya ubao mpaka lilale. Pindo la suruali ya jinzi pale mishono inapokutana hupungua kiasi cha kushangaza kwa nyundo peke yake.

Mikanda nayo ina hila yake. Wengi huchomeka mkanda wa begi katikati ya pindo la mdomo, wakajikuta na tabaka sita au saba mahali pamoja. Shusha mkanda chini ya pindo, uushone kwa nje kwenye tabaka moja la mwili wa begi, na kwa ndani uweke kipande cha kuimarisha. Begi linapata nguvu ileile na sindano inapita bila shida.

Sindano sasa. Kwa cherehani nyingi za nyumbani za siku hizi, pakiti huandikwa 130/705 H. Ya zamani iangalie kwanza inatumia aina gani. Namba ya ukubwa huwa mbili, kwa mfano 100/16, na ile 100 maana yake sindano ina unene wa milimita 1. Kwa turubai na tanga natumia sindano ya jinzi, 100/16 au 110/18. Kwa ngozi ipo sindano yake maalumu, yenye ncha iliyochongwa kama patasi, ambayo hukata tundu badala ya kusukuma nyuzi. Sindano hiyo usiitumie kwenye kitambaa kitupu, kwa sababu itakata nyuzi za kitambaa na mshono utakuja kuachia. Na ibadilishe mapema. Ukianza kusikia mlio wa kugonga kila inapoingia, imeshakuwa butu.

Uzi wa pamba uuache kwa kanga na kanzu. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina dawa inayoozesha pamba taratibu, na mkoba unaopanda mashua kila siku unapigwa na chumvi na jua. Tumia poliesta. Ukitaka mshono wa juu uonekane mnene, weka uzi mnene juu na poliesta ya kawaida kwenye bobini. Mashine ndogo hupenda hivyo. Kupima kama uzi unakubaliana na sindano, pitisha uzi kwenye tundu, uukaze kwa mikono miwili, uzi ukiwa umeinama kidogo, uiachie sindano. Ikiteleza yenyewe, sawa. Ikikwama, tafuta sindano kubwa zaidi au uzi mwembamba zaidi.

Urefu wa mshono uwe milimita 3.5 hadi 4. Hili kwa ngozi nalisisitiza kuliko yote, maana tundu la ngozi halizibi. Mishono mifupi inaigeuza ngozi kuwa kama stempu za posta: ukivuta, inachanika kwenye mstari. Kwa sababu hiyohiyo usirudi nyuma mwanzoni na mwishoni mwa mshono. Acha nyuzi ndefu, zivute zote upande wa ndani, zifunge fundo, weka tone la gundi. Pini pia hazitakiwi. Vibanio vya nguo vinafaa, au gundi ya viatu ipakwe mbali kidogo na njia ya sindano, kwani gundi hunata kwenye sindano na uzi huanza kukatika. Ikishanata, ifute kwa spiriti.

Ngozi laini hugoma kusogea, inang'ang'ania mguu wa cherehani. Ukipata mguu wa plastiki tefloni, hiyo ndiyo dawa. Usipoupata, laza karatasi nyembamba juu ya ngozi, ushone pamoja, kisha uichane. Au upake poda kidogo. Legeza pia skrubu inayokandamiza mguu, ili meno ya chini yasiache alama. Na tafadhali, usiivute kazi kwa nyuma. Ukivuta, sindano inapinda, inagonga bamba la chuma, na hapo ndipo mashine inapopoteza mpangilio wake wa ndani. Unapofika kwenye kilima cha tabaka nyingi, acha pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, na uweke kadibodi iliyokunjwa nyuma ya mguu ili usimame sawa. Mshono mmoja mmoja mpaka uvuke.

Kuhusu tanga kuukuu, ambalo ndilo nilipendalo kuliko vyote: lioshe kwa maji matamu, ulianike, ulioshe tena. Chumvi inakula chuma na mchanga unasaga vyuma vya chini. Ukimaliza, fungua bamba, upige brashi, utie tone la mafuta ya cherehani, kisha ushone kipande cha kutupa mpaka mafuta yaache kutoka. Sisi tunaoishi kwenye upepo wa bahari hatuna ruhusa ya kuiacha mashine wazi usiku kucha.

Wanaoanza nawashauri ngozi ya mbuzi. Ni nyembamba, ina nguvu, na tabaka mbili zake mashine inazimudu vizuri. Ya ng'ombe iliyo nene iache. Kipimo changu ni milimita 3 kwa jumla, pamoja na mikunjo yote. Ikizidi hapo sikubali kazi hiyo kwa mashine, hata mteja akinibembeleza. Soli za makubadhi na matandiko ya punda ni kazi za mkono. Mafundi wa Siyu, kule kisiwani Pate, wamesifika kwa ngozi tangu zamani, na hawakungoja mota.

Lakini hata hapo cherehani inaweza kukusaidia nusu ya njia. Kwa ngozi iliyozidi kidogo, toa uzi wote, weka sindano ya ngozi, uzungushe gurudumu kwa mkono upite juu ya kila kipande peke yake, ukifuata mstari uleule. Unapata matundu yaliyopangika kuliko yoyote utakayotoboa kwa shazia. Kisha chukua uzi wa poliesta mnene, urefu mara nne ya mshono, uupake nta, uweke sindano butu kila ncha. Sindano zote mbili zipite tundu moja kutoka pande mbili tofauti, ukaze, uende tundu la pili. Mshono huo hata uzi mmoja ukikatika, wa pili unashikilia. Vishikio vya mikoba yangu yote mikubwa navimalizia namna hii, kwa sababu hapo ndipo uzito wote unaponing'inia.