Sauti imekauka, mrija utanisaidia kweli?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nauza migebuka na dagaa mwaloni Kibirizi, naita wateja toka alfajiri huku injini za maboti zinanguruma, jioni nina kwaya. Wiki ya pili sasa sauti imekauka, noti za juu hazitoki, nikirudi nyumbani nanong'ona tu ili niipumzishe. Mwenzangu kaniambia nitoe sauti kwenye mrija ulio ndani ya maji. Ni kweli?
Mama Migebuka, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mwenzio hajakudanganya, Finland wanatumia bomba la kioo ndani ya maji toka miaka ya 1960. Sauti ikipita kwenye tundu dogo, hewa inasukuma kidogo kurudi kooni, basi zile nyuzi za sauti zinatikisika bila kugongana kwa nguvu.

Chukua glasi ya maji nusu, chovya mrija sentimita 2 au 3 hivi, bana midomo hewa isivuje pembeni halafu guna "uuu" humo ndani. Siyo kupuliza tu, wengi wanakosea hapo, lazima sauti iwepo na mapovu yatoke mfululizo. Bana pua kidogo, sauti ikibadilika ujue hewa inapitia puani. Ukizoea ipandishe na kuishusha taratibu kama king'ora, dakika 3 mpaka 5, mara kadhaa kwa siku, na kabla ya kwaya usikose. Ikiuma acha.

Pumzi nayo: weka mkono juu kidogo ya kitovu, vuta hewa mpaka mkono usogee mbele, mabega yatulie. Ukiita wateja kwa pumzi ya kifuani koo ndo linabeba mzigo wote, na nadhani hapo ndo ulipoumia.

Na kunong'ona acha kabisa jamani, watu wengi wakinong'ona wanakaza koo bila kujua. Ongea polepole kwa sauti yako ya kawaida au nyamaza. Ukitaka kukohoa usafishe koo, meza funda la maji. Pale mwaloni gonga sinia kwa kijiko, wateja watageuka tu.

Ila ikipita wiki ya 3 haijarudi usingoje mrija, nenda hospitali ya Maweni useme unataka kuangaliwa koo. Ukiona damu, au kumeza na kupumua kunakuwa shida, nenda leo leo.