Mkojo Unabana, UTI Haionekani: Jibu kwa Dada wa Makambako

Dada mmoja wa Makambako kanitumia meseji. Anasema kameza dozi za UTI mpaka kachoka, usiku halali kwa kwenda chooni, na mumewe kaanza kununa. Mdogo wangu, njia hiyo nimeipita.

Mimi nafuata mzigo wa vitenge Dar. Safari moja tumeipita Igawa tu, nikamwendea konda: "Kaka, naomba nichimbe dawa." Akajibu kwa sauti: "Mama, si umechimba Chimala sasa hivi?" Basi zima likacheka. Nilikaza kanga, nikaangalia nje mpaka Makambako. Ile sauti bado inaniuma.

Duka la dawa walinipa sipro, dawa ya kuua bakteria, kila nikienda. Aliyenifumbua macho ni daktari aliyeagiza mkojo wangu uoteshwe maabara, yaani uwekwe siku kadhaa kuona kama bakteria wataota, akanipima na kichocho na sukari. Bakteria hakuna. Akanieleza kwamba kibofu ambacho ukuta wake wa ndani umewaka na kuvimba hutoa kwa wingi protini iitwayo NGF, ambayo kazi yake ni kukuza neva. Ikizidi, neva za kibofu zinashtuka ovyo, mkojo kidogo tu unahisi umejaa. Waliogundua protini hiyo, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, walipewa Nobel mwaka 1986.

Dawa ya kuidaka, tanezumabu, ilijaribiwa, na baadhi ya wagonjwa wa kibofu walipata nafuu ya maumivu. Ila katika majaribio ya maumivu ya magoti na nyonga, viungo vya baadhi ya watu viliharibika haraka, na mwaka 2021 kampuni ikaiacha. Watafiti wengine wamejaribu kwa panya kuizima NGF ndani ya kibofu chenyewe, isiguse mwili mzima. Mimi hilo nalifuatilia kwa moyo wote. Kwa hiyo mtu akikuuzia leo "dawa ya neva za kibofu" pale stendi, mkatae.

Kilichonisaidia mimi: daftari la saa za kunywa na kukojoa, kuchelewesha choo kidogo kidogo, mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile inayozuia mkojo, na kupunguza chai kali, hata baridi ya Juni ikiuma. Sasa nafika Mafinga nimekaa kwenye siti yangu. Acheni kuona aibu, jamani! Kibofu ni kiungo kama jicho.

Wewe dada, usimeze dozi nyingine kabla mkojo haujaoteshwa. Ukiona damu, nenda siku hiyohiyo. Na mumeo mwende wote, akasikie kwa daktari mwenyewe.