Tela la Kulala na Hesabu Niliyomficha Mke Wangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Singida aliniandikia akiuliza kama pikapu yake ya dizeli inaweza kuvuta tela la kulala bila kummaliza kwa mafuta. Ameshalipa nusu ya bei. Namwelewa, kwa sababu wengi wetu tuna ndoto hiyohiyo ya kuwazungusha watoto waione nchi yao bila kulipia vyumba viwili vya nyumba ya wageni kila usiku. Nilimjibu kwa ufupi kwamba inawezekana. Jibu refu linaanza na safari ambayo hadi leo inaniuma.

Tela langu, nililolinunua likiwa limetumika, lina uzito wa kilo 1,300 hivi likiwa tupu. Pikapu ikiwa peke yake hunipa kilomita 10 au 11 kwa lita kwenye lami. Nilipopanga safari ya kwanza ya Morogoro, ambako ni takribani kilomita 260 kutoka Dodoma, nilitumia hesabu hiyohiyo, nikaongeza lita chache za tahadhari, nikaweka lita 60 za kwenda na kurudi. Mke wangu aliniuliza kama zitatosha. Nilimwambia zitatosha, ilhali sikuwa nimepima chochote.

Ilikuwa Septemba, na aliyewahi kuishi Dodoma anaujua upepo wa mwezi huo. Unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, yaani unakutana na gari uso kwa uso tangu Ihumwa hadi Kibaigwa. Nami nilikuwa nikikimbiza kilomita 100 kwa saa, kwa kuwa barabara ilikuwa nyeupe na injini haikuonyesha kulalamika. Sikujua kwamba ukitoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu, na kwamba ubapa wa mbele wa tela, unaochomoza juu ya paa la pikapu, huusukuma upepo huo kama ukuta. Morogoro iko chini ya Dodoma kwa karibu mita 600, kwa hiyo nilitarajia mteremko unisaidie. Haukunisaidia.

Tuliposimama Gairo nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilichuchumaa kwenye gurudumu la kushoto la tela nikaona grisi imeyeyuka na kuchuruzika ndani ya rimu kwa michirizi myeusi, vumbi jekundu likiwa limegandia juu yake. Tone la maji lililodondoka kutoka kwenye chupa ya mwanangu lilichemka palepale kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Fundi aliyelihudumia tela wiki ile alikuwa ameikaza breki kupita kiasi, hivyo kwa zaidi ya kilomita mia moja nilikuwa nikiburuta gurudumu lililofungwa nusu na kuilipia dizeli kazi hiyo. Fundi wa Gairo aliilegeza kwa muda usiozidi nusu saa.

Tulipofika Morogoro, lita 48 hivi zilikuwa zimekwisha, yaani chini ya kilomita 5.5 kwa lita, na mfukoni sikuwa na fedha ya kurudia. Nilimpigia shemeji yangu. Alinituma shilingi 120,000 kwa simu ndani ya dakika chache, na kwa hilo namshukuru, lakini aliongeza, "Shemeji, nilikwambia tela ni mambo ya matajiri," kisha akayarudia maneno hayo kwenye sherehe ya kipaimara mbele ya ukoo mzima. Fedha nilimrudishia mwezi uleule. Maneno yale bado ninayo.

Kwa hiyo nawaambia akina baba wenzangu bila kuzunguka: kabla ya safari, kaa na mwenzako, mweleze gharama halisi. Mimi sasa nina daftari. Najaza tangi mpaka juu, naandika kilomita, nikifika najaza tena mpaka juu, kisha nagawanya. Hakuna njia nyingine ya kulijua gari lako, na kukisia ni kujidanganya na kuidanganya familia.

Mengine ni ya nidhamu tu. Siendi zaidi ya kilomita 75 kwa saa, na kwenye kupanda, hasa kile kipande cha kutoka Dumila kurudi Gairo, nashuka gia mapema badala ya kuilazimisha injini kwenye gia kubwa. Napima upepo wa matairi yote asubuhi yakiwa ya baridi, ya tela pia. Kila kituo nasogeza kiganja karibu na habu. Maji najaza karibu na tunakolala, kwa sababu lita 80 za maji ni kilo 80 za mzigo. Vizito navipanga juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kwani vikikaa nyuma tela huyumba. Nasubiri pia Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, na nikitoka Morogoro najaza hukohuko, kwa kuwa Dodoma iko mbali zaidi na bandari na bei yake hubeba usafiri huo. Tukumbuke kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na tozo ya kila lita ya mafuta ikapandishwa, kwa hiyo anayechoma zaidi ndiye anayelipia barabara zaidi. Ni haki, lakini inauma ukiwa na tela.

Mwezi uliopita tulikwenda Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kwenda na kurudi ilikuwa kilomita 360, na daftari linaonyesha lita 47, yaani zaidi kidogo ya kilomita 7.6 kwa lita. Mke wangu ndiye aliyepiga hesabu hiyo.

Ndugu yangu wa Singida, kabla hujamalizia nusu iliyobaki, mwombe muuzaji akukabidhi tela kwa siku moja. Jaza tangi mpaka juu, livute hadi Manyoni na kurudi kwa mwendo wa kilomita 75 kwa saa, jaza tena, kisha hiyo namba uionyeshe nyumbani kwako.